Else Bostelmann na Uchoraji wa Samaki wa Kilindini

Kazi za Else Bostelmann, mchoraji mzaliwa wa Ujerumani aliyejiunga mwaka 1929 na kikosi cha mtafiti William Beebe huko Bermuda, zinastahili kuchambuliwa kwa namna zilivyofanywa, kwa kuwa si kila kiumbe alichokichora alikiona kwa macho yake.

Kwenye kina kifupi alishuka mwenyewe, akiwa amevaa kofia ya shaba iliyopelekewa hewa kwa mpira kutoka juu, akachora kwa rangi za mafuta, ambazo hazichanganyiki na maji, juu ya bamba la zinki. Ugumu ulikuwa katika mwanga: maji hufyonza wekundu katika mita chache za mwanzo, na kwa kuwa rangi iliyo kwenye brashi hupatwa na hali hiyohiyo, nyekundu iliyoonekana ya kijivu chini ya maji huwaka upya bamba linapofikishwa juani, hata mchoraji akalazimika kuamini jina la rangi kuliko jicho lake.

Kilindini mambo yalikuwa mengine kabisa. Beebe na mhandisi mwenzake Otis Barton walishuka ndani ya bathisfia, yaani tufe la chuma lililoning'inizwa kwa kamba ya waya, ambalo mwaka 1934 lilifika mita 923. Beebe alieleza kwa simu alichokiona dirishani, msaidizi wake Gloria Hollister akayaandika maneno hayo juu melini, na baadaye Bostelmann akayageuza kuwa picha akisaidiwa na samaki walionaswa kwa nyavu, ambao maumbile yao, kuanzia mpangilio wa meno hadi viungo vinavyotoa mwanga, aliyafahamu kwa karibu. Ujuzi huo ndio uliozipa picha zake uzito, na kwa hakika ni mafanikio makubwa ya ufundi.

Hata hivyo, brashi haitofautishi kilichopimwa na kilichopita dirishani mara moja. *Bathysphaera intacta*, samaki ambaye Beebe alisema alimwona mwaka 1932 akiwa na urefu wa karibu mita 1.8, mstari wa taa za samawati ubavuni na minyiri miwili mirefu iliyoning'inia chini ya mwili, yenye ncha za kung'aa, alichorwa kwa uthabiti uleule wa samaki waliolazwa mezani, ilhali hadi leo hakuna wavu uliowahi kumtoa.