Miraba ya Josef Albers

Kwanza ni ubao. Kwa miraba yake Josef Albers alipenda hadibodi kuliko turubai, na kati ya pande mbili za hadibodi aliuacha ule laini unaong'aa, akafanyia kazi ule wa nyuma wenye alama za wavu wa kiwandani. Upande huo unashika rangi. Aliupaka rangi nyeupe ya msingi, ikikauka akaipaka tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka weupe ukakolea huku vinundu vya ubao vikiwa bado vinahisika kidoleni. Hapo kazi yenyewe haijaanza. Wengi wetu tungekuwa tumeshafika nusu ya picha.

Albers alizaliwa mwaka 1888 huko Bottrop, Ujerumani, na baba yake alikuwa fundi rangi wa nyumba. Alifundisha katika shule ya Bauhaus hadi ilipofungwa mwaka 1933 chini ya Wanazi, akahamia Marekani, akafundisha Black Mountain College na baadaye Chuo Kikuu cha Yale. Mfululizo wa picha alioupa jina la Homage to the Square aliuanza mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 62, na hakuuacha mpaka alipofariki mwaka 1976. Ni zaidi ya picha elfu moja, zote miraba ndani ya miraba. Wapo wanaochoka kwa kuisikia tu habari hiyo. Mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kumwendea ukitaka kunyoosha mkono wako, hata kama unachochora wewe ni mitumbwi au sura za watu. Kila cha kujifichia amekiondoa. Hakuna simba wa kusifiwa kwa ukali wa macho, wala mbuyu wa kujaza nafasi. Vimebaki vitatu: kipimo, rangi na ukingo.

Kipimo chake unaweza kukipiga mwenyewe leo. Chukua ubao wa sentimita 40 kila upande na ugawe sehemu kumi, sentimita nne nne. Katika picha zake zenye miraba minne, ule wa ndani kabisa una upana wa sehemu nne, yaani sentimita 16. Kila mraba unaouzunguka unaachana na wenzake kwa nusu sehemu upande wa chini, sehemu moja kushoto na kulia, sehemu moja na nusu juu. Chini sentimita mbili, pembeni nne, juu sita. Chora kwa penseli na rula, kisha simama uangalie kabla ya kutia rangi yoyote: miraba imekaa chini ya katikati, ina uzito, imetulia. Ingewekwa katikati kabisa ingekuwa shabaha ya kulengea mishale.

Sasa kupaka. Ubao ulilazwa mezani, haukusimamishwa. Juu ya meza zake kulikuwa na taa ndefu za tyubu, nyingine za mwanga wa vuguvugu na nyingine za mwanga wa baridi, alizozipanga ili aione rangi ile ile katika hali tofauti. Alianza na mraba wa kati, akaja wa pili, akaenda hivyo hivyo kuelekea nje. Utaratibu huo aliutoa kwa baba yake, aliyemfundisha kwamba mlango hupakwa kuanzia katikati kwenda pembeni, ili michirizi idakwe njiani na mikono ya shati ibaki safi. Nani angedhani kwamba nidhamu ya picha zinazotundikwa leo katika makumbusho makubwa ilianzia kwenye milango ya watu?

Brashi hakuitumia. Rangi ya mafuta aliitoa moja kwa moja kwenye tyubu, mara nyingi bila kuichanganya na nyingine, akaitandaza kwa kisu chembamba kama siagi kwenye mkate. Kisu hakisamehe. Ukikiinamisha kupita kiasi kinakwangua mpaka weupe wa chini. Ukikilaza mno kinaacha mgongo wa rangi nene. Panapo mkono mzuri rangi inakaa nyembamba na sawasawa, na vinundu vya ubao vinachungulia ndani yake, jambo linaloupa uso wake uhai.

Ukingo ndio mahali pa kukaa muda mrefu. Kwa mbali unaonekana umekatwa kwa wembe. Sogea karibu uone: kisu kimefuata mstari wa penseli kwa mkono, hapa kimesita kidogo, pale umebaki uzi mweupe kati ya rangi mbili. Rangi hizo hazipandani. Mtazamaji huapa kwamba mraba wa kati umefunikwa na utando unaopitisha mwanga. Hakuna utando, kila rangi imelala juu ya weupe wake peke yake, na kinachoonekana kupenya kimetokana na ujirani tu.

Mwaka 1968, Albers akiwa bado na miraba yake, Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka wanyama na ndege jijini Dar es Salaam, naye juu ya vipande vya hadibodi vya mraba, kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo ni nyepesi mno kwa kisu, na sioni sababu ya kumwambia mchoraji wa Tingatinga aache brashi yake. Lakini swali la ujirani wa rangi linamhusu vile vile. Yeyote aliyewahi kuchora yangeyange anajua shida ya ndege anayetoka mchafu. Mkono unakimbilia kopo la rangi nyeupe, unaongeza, na ndege habadiliki, kwa sababu hakuna nyeupe inayozidi ile ya kopo. Dawa iko kwenye maji anamosimama: yashushe yawe ya kijivu cha buluu, kisha mtazame ndege bila kumgusa.

Hilo Albers aliwafundisha wanafunzi wake kwa karatasi za rangi, kwa kuwa karatasi haichafuki wala haipotezi muda wa kuchanganya. Mazoezi hayo yamo katika kitabu chake Interaction of Color cha mwaka 1963. Kwa manila za dukani yanawezekana kabisa. Kata vipande viwili vidogo kutoka karatasi moja ya kahawia isiyokolea. Kimoja kiweke katikati ya manila ya manjano, kingine katikati ya manila ya buluu nzito, kisha rudi nyuma. Cha juu ya manjano kimefifia na kupiga weusi; cha juu ya buluu kimechangamka, kimeelekea rangi ya chungwa. Badilisha manila za chini mpaka tofauti iwe kubwa kiasi kwamba mwenzako akatae kuwa karatasi ni moja. Inachukua muda, na ndiyo maana ni zoezi. Wala halimfungi mtu kwenye miraba: mchoraji Robert Rauschenberg alipita mikononi mwa mwalimu huyu pale Black Mountain, na kazi zake hazifanani hata kidogo na miraba.

Picha ikimalizika, Albers aliigeuza na kuandika nyuma yake jina la kila rangi na kampuni iliyoitengeneza. Alikuwa na sababu: manjano ya kampuni moja si manjano ya nyingine, hata kama tyubu zina jina lile lile. Ukikuta dukani tyubu mbili za namna hiyo, nunua zote, zipake sambamba kwenye kipande cha ubao, na uandike nyuma ipi ni ipi.