Unakaa Mlimani au Bondeni?

Mteja akikokota kigari chake cha gofu hadi gereji, betri zimekwisha nguvu, huwa na swali moja tu: nikitia lithiamu nitakwenda kilomita ngapi? Fundi anayeijua kazi yake halijibu upesi. Humuuliza kwanza: unakaa mlimani au bondeni? Wengine hudhani anawapigia soga. Kumbe swali hilo ndilo kazi yenyewe, ufundi wa kuchagua. Hauna mlio wa nyundo wala cheche za kuchomelea, na pengine ndiyo maana wateja wengi hawaoni kwa nini wautolee pesa.

Watu wa Georgia, kusini mwa Marekani, hulielewa swali hilo upesi. Jimbo lao ndilo kitovu cha vigari hivi: E-Z-GO iko Augusta tangu 1954, Club Car ikahamia huko huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Yamaha huunda vyake Newnan. Katika mji wa Peachtree City kuna zaidi ya kilomita 160 za njia walizotengewa wenye vigari, baiskeli na waendao kwa miguu. Mtu huenda na kigari dukani na kanisani, na wanafunzi wa sekondari hukiegesha shuleni. Njia hizo hupita msituni, huteremka hadi vijitoni, hupenya chini ya barabara kuu, kisha hupanda tena. Kule The Villages, Florida, ambako wastaafu nao huishi juu ya vigari, ardhi ni karibu tambarare na swali la fundi hupungua makali.

Kigari cha zamani cha volti 48 aghalabu hubeba chini ya kiti betri sita za volti 8, za risasi na asidi. Kila moja ina uzito wa karibu kilo 28, kwa hiyo mtu amekalia kilo 170 hivi. Sizidharau. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza ya kwanza mwaka 1859, na hadi leo hakuna betri yenye subira kama yake. Uichaji ovyo, itanung'unika tu. Uisahau bandani, huenda ikafufuka. Ila hudai maji yaliyosafishwa, hudai kusuguliwa vichwa vinapoota ukoko, na mvuke wake hula chuma kilicho karibu. Tena ina tabia moja ambayo fundi huikumbuka kila anapopiga hesabu: ukiikamua kwa pupa, inakunyima. Chukua Trojan T-105, betri ya volti 6 inayofahamika sana viwanjani. Ukiitumia polepole kwa saa 20 hukupa ampea-saa 225. Ukiimaliza kwa saa 5 utapata 185. Mjerumani Wilhelm Peukert aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1897. Kigari kinachopanda mlima na watu wanne hakinywi umeme polepole, basi ile namba kubwa iliyobandikwa ubavuni mwa betri haikuandikiwa mlima.

Lithiamu ina unyimivu huo kwa uchache sana, na ndiyo maana betri yake ya ampea-saa 105 huweza kushika nafasi ya zile za risasi za ampea-saa 170 na mwenye kigari asilalamike. Lakini lithiamu ni jina la ukoo, na ndugu hawafanani.

Hapa uchaguzi wa fundi wa Georgia unaigusa Kongo, ajue asijue. Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake pale Oxford walionyesha kwamba oksidi ya kobalti yaweza kuwa upande chanya wa betri ya lithiamu. Sony ikaziingiza betri za ukoo huo sokoni mwaka 1991, na baada ya hapo kobalti ikawa mali ya kugombewa. Zaidi ya nusu ya inayochimbwa duniani hutoka Kongo, nyingi pande za Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mgodi. Halafu Goodenough huyo huyo, akiwa sasa Chuo Kikuu cha Texas katika miaka ya 1990, pamoja na Akshaya Padhi na wengine, akaonyesha kwamba fosfeti ya chuma nayo inaifanya kazi hiyo, bila kobalti, bila nikeli. Alishiriki Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 97. Ni nadra mtu mmoja kuufungua mlango, kisha akarudi akatoboa mwingine ukutani.

Fosfeti ya chuma hubeba umeme kidogo kwa kila kilo. Kwa simu ya mfukoni hilo ni kasoro. Kwa nafasi iliyozoea kubeba kilo 170 za risasi, nani atalilia kilo? Kinachotakiwa hapo ni betri isiyoshika moto kwa urahisi, maana mtu anaikalia. Kwa hiyo Kolwezi haihitajiki tena chini ya kiti hicho. Ila lithiamu yenyewe lazima itoke mahali, na moja ya hazina zake kubwa duniani iko Manono, katika mkoa wa Tanganyika wa Kongo hiyo hiyo.

Seli moja ya fosfeti ya chuma ni ya volti 3.2. Ukiunga 15 mfululizo unapata 48 kamili, na mwenye kupenda hesabu nyoofu atasema basi, hizo zatosha. Fundi huchagua 16. Zinatoa 51.2, na chaja huzifikisha 58.4. Kontrola ya kigari huzipokea, kwa sababu hata betri za risasi zinazoitwa za volti 48 hupita 50 zikijaa. Kigari kinachangamka kidogo, na mlimani volti hazidondoki ovyo. Kwa vigari vikongwe vya volti 36 seli ni 12, na hadithi ni ile ile.

Anayekaa bondeni hutoka nyumbani akipanda. Kwenye tambarare kigari chake huridhika na ampea 50 au 70. Mlimani, na abiria juu, hupita 200 bila shida. Sasa, kila betri ya lithiamu ina saketi ya ulinzi ndani yake, ambayo mafundi huiita bi-em-es. Ikiona ampea zimevuka mpaka wake, inakata. Haikonyezi kwanza, haipunguzi pole pole. Inakata, na kigari kinabaki katikati ya kilima na kapu la mboga. Kwa hiyo fundi husoma ampea kabla ya ampea-saa. Anataka kujua betri inatoa ngapi mfululizo, si ngapi kwa sekunde chache, na wauzaji hupenda kuiandika ile ya sekunde chache kwa herufi nene. Ningepewa uchaguzi kati ya betri ya ampea-saa 160 yenye ulinzi wa ampea 100 na ile ya 105 yenye ulinzi wa 250, nisingefikiri mara mbili.

Wapo wanaonunua betri nne za lithiamu za volti 12 na kuziunga mfululizo, kwa kuwa zinaingia vizuri katika trei ya zamani. Zinaweza kufanya kazi kwa muda mrefu. Mimi sizipendi. Kila moja ina bi-em-es yake isiyojua habari za wenzake, na nne hizo ni msafara unaokwenda kwa mwendo wa aliyechoka zaidi. Ikikata moja, zote zimekata, na volti za zile tatu zinaielemea saketi ile moja ambayo pengine haikuundwa kuzihimili. Afadhali betri moja ya 51.2. Nguvu ikipungua, pachika nyingine sawa nayo kwa sambamba, zigawane ampea.

Anayekaa mlimani ana shida ya kinyume, nayo hata wauzaji wengi hawaiwazi. Usiku amechaji. Asubuhi betri imejaa pomoni, naye anaanza safari kwa kuteremka. Vigari vingi vya miaka ya karibuni hujizuia mteremkoni kwa kuigeuza mota kuwa jenereta, na umeme hurudi betrini. Risasi iliupokea, ikatoa mapovu kidogo, mambo yakaisha. Lithiamu iliyojaa haina pa kuuweka. Volti zinapanda, bi-em-es inakata, dereva anahisi kigari kimeachiwa ghafla, na kontrola inapigwa na volti zisizo na pa kwenda. Dawa ni nyepesi kwa aliyeuliza mapema: chaja inayoacha nafasi kidogo juu badala ya kujaza hadi ukingoni. Jambo hili nalipenda kuliko mengine yote ya kazi hii, kwa sababu halimo katika karatasi yoyote ya betri. Limo katika anwani ya mteja.

Mengine hayana mjadala mrefu. Chaja ya risasi iondoke. Mshale wa zamani wa kuonyesha chaji nao uondoke, kwani huhukumu kwa volti, na volti za fosfeti ya chuma hubaki karibu pale pale mpaka betri ikaribie kuisha; utaambiwa ipo tele, kisha utashuka ukasukume. Kontrola ina kapasita zinazofyonza umeme kwa mkupuo swichi inapofungwa, na bi-em-es huona mkupuo huo ni shoti, kwa hiyo huwekwa rezista ndogo sambamba na solenoidi ili zijazwe taratibu. Taa za volti 12 zipewe kipunguza-volti chao. Na baridi: usiku wa Januari Georgia hushuka chini ya nyuzi 0, na ukiichaji betri hii katika hali hiyo lithiamu huganda juu ya upande hasi badala ya kuingia ndani. Madhara yake hayafutiki. Kuendesha katika baridi hiyo ruksa. Kuchaji ngoja jua, au nunua betri yenye kijoto chake.

Fundi anayejiundia betri mwenyewe ndiye hasa wa kutazamwa. Anapanga seli zake 16 mezani na kuzipima ukinzani wa ndani moja moja, na ile iliyoachana na wenzake anaiweka kando hata kama ni mpya na inang'aa. Kisha anaziunga zote sambamba na kuzichaji kwa pamoja hadi volti 3.65, zianze maisha zikiwa sawa. Kazi hiyo hula siku kadhaa na chaja ndogo, na mpita njia hataona kinachofanyika zaidi ya meza yenye mabunda ya buluu. Spana zake amezizungushia mkanda wa plastiki hadi karibu na mdomo, kwa maana spana ikianguka ikagusa vichwa viwili, hakuna fyuzi ya kumwokoa. Bolti hukazwa kwa kipimo. Iliyolegea hupata joto, na joto hilo hutokea siku ya mlima, pale ampea zinapokuwa nyingi.

Betri mpya ikishaingia, kigari kimepungua kilo zaidi ya 100. Kinaruka mbele, breki zinapumua, matairi hayachimbi nyasi. Lakini springi za nyuma zilitengenezwa kubeba risasi. Sasa zimeinua mkia juu, na kila tuta linamrusha dereva kitini. Mteja anarudi gereji, na safari hii hataji kilomita kabisa, analalamika mgongo. Wapo mafundi wanaombadilishia springi laini. Wapo wanaomfungia kiti cha nyuma cha watu wawili, wakijua kuwa Jumamosi watapanda wajukuu na boksi la barafu, na mkia utashuka wenyewe.