Mgiriki wa Kwenye Hadithi Zetu

Safari hii nimepewa kazi ya kusoma hadithi zilizoletwa kwenye kikundi chetu hapa Kirumba na kusema ukweli bila kuoneana haya. Tatu kati yake zina Mgiriki ndani. Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana hata mimi niliwahi kumwandika.

Unamjua huyo Mgiriki. Ana kitambi, kofia pana, kiboko mkononi na shamba la mkonge lisilo na mwisho. Ukurasa wa kwanza anatukana, wa pili anapiga, wa tano anatoroka usiku na kuacha dhahabu imefukiwa chini ya mwembe. Kuanzia hapo hadithi ni ya dhahabu. Washikaji, huyo siyo mtu. Ni sanamu la kutishia ndege.

Kosa la kwanza: hatoki popote. Anatokea tu, shamba analo tayari. Lakini Wagiriki wengi wa mwanzo walikuja enzi ya Mjerumani kutafuta kazi ya reli, wakawa wakandarasi wadogo na wanyapara. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kazi ya reli ilipokwisha, wapo waliobaki. Wengine walilima kahawa kuzunguka Kilimanjaro na Meru. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza aliyataifisha mashamba ya Wajerumani na kuyauza, na Wagiriki na Wahindi wakawa miongoni mwa wanunuzi. Baadaye wapo waliolima tumbaku Iringa.

Huoni kama hadithi imeanza hapo? Kwenye karatasi za serikali alikuwa Mzungu, lakini Wazungu wengi wenzake walimhesabu wa daraja la pili. Mtu anayedharauliwa juu na kuogopwa chini, moyoni mwake mna nini? Mwandishi wa hadithi ya tatu aliliona hilo mara moja tu. Mpishi anafua shati la bwana wake na kukuta limetiwa kiraka vibaya vibaya, kwa mkono wa mwanaume. Pale nilisimama nikarudia kusoma. Kiraka kile kinasema ukata, upweke na safari ndefu, bila neno la kuhubiri. Kisha mwandishi akakiacha, akakimbilia dhahabu. Inauma.

Kosa la pili: wafanyakazi ni vivuli. Katika hadithi zote tatu wanaimba, wanachapwa, basi. Hakuna mwenye jina. Niliposoma hadithi yangu mtaani, babu mmoja aliyewahi kukata mkonge Tanga ujanani (ni marehemu sasa) alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hicho kiboko ulikiona wapi? Sisi kilichotumaliza ni hesabu."

Sikumwelewa mpaka aliponieleza habari ya kipande. Kadi ya siku 30 za kazi, uzimalize ndani ya siku 42, ndipo ulipwe. Majani yanahesabiwa, siku zinahesabiwa, na wewe mwenyewe ni namba. Ndiyo maana mkaitwa manamba. Viboko vilikuwepo, hasa enzi ya Mjerumani, sibishi. Lakini babu yule alikuwa na hadithi ambayo sisi hatukuwa nayo: mtu aliyetoka mbali na kwao kwenda kumfanyia kazi mtu mwingine aliyetoka mbali zaidi. Wageni wawili shambani, mmoja ana shamba, mmoja ana kadi. Mimi nilikuwa nimeandika fiksi tupu.

Kosa la tatu: anaondoka bila kuacha kitu ila dhahabu. Ni kweli wengi waliondoka. Azimio la Arusha lilikuja mwaka 1967, na mwaka huohuo serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge; mwaka 1973 ikafuata mashamba makubwa ya kahawa Kilimanjaro. Ila nenda Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuna ukumbi wa Arnautoglo, ambao wengi huutamka Anatoglo bila kujua kwamba ni jina la tajiri wa Kigiriki aliyetoa fedha za kuujenga. Mwaka 1953, ndani ya ukumbi huo, Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA. Jasho la manamba likawa mkonge, mkonge ukawa fedha, fedha ikawa ukumbi, na ndani ya ukumbi akachaguliwa mtu ambaye serikali yake ingeyachukua mashamba. Nani kati yetu angeweza kuitunga hiyo?

Sisemi tumsafishe Mgiriki. Ardhi aliyolima ilikuwa na wenyewe. Nasema deni lake tuliandike kwa hesabu kamili, kama babu alivyohesabiwa. Sanamu halidaiwi. Mtu ndiye anadaiwa.

Mfano tunao ng'ambo ya maji hapo, Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1980. Watu wake unawajua kwa kazi zao, vyakula vyao, namna wanavyokaribishana. Hana haraka ya kufika kwenye dhahabu.

Kwa nini nakazania hili? Tembea Mwaloni asubuhi, dagaa zinapofungwa magunia kwenda Kongo na Burundi. Uliza wanaofunga walikozaliwa. Visiwani, Mara, Kagera, Kigoma. Kirumba yetu imejengwa na watu waliokuja. Mwandishi wa hadithi ya kwanza, mama yake alishuka hapo na mtumbwi, ana beseni moja na mtoto mgongoni. Mtoto ni yeye mwenyewe. Kama tunashindwa kumwuliza mgeni wa karatasini alitoka wapi, alikuja na nini na alimdhulumu nani, huyo mama tutamwandikaje siku ikifika?

Kwa hiyo hadithi zote tatu nazirudisha. Ya tatu ianzie kwenye kiraka. Ya kwanza na ya pili, wapeni manamba majina. Na yangu ipo mezani, nimeshafuta kiboko. Sasa natafuta namba ya kipande.