Mkubwa wa Zamu

Umeme ukikatika usiku katika mtaa wa Kikula, mji wa Likasi nchini Kongo, mwanga unaobaki ni wa taa za malori ya shaba yatokayo Kolwezi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, wa vibatari vya akina mama wanaouza mikate na samaki wa kukaanga, na wa tochi. Tochi nyingine ni za wezi wa nyaya. Nyingine ni za polisi waliotumwa kuwatafuta wezi hao. Ukiwa dirishani huwezi kuzitofautisha, na wenyeji wa Likasi watakuambia kwamba kuna usiku ambao hata kwa karibu ni vigumu.

Tofauti hiyo, pale inapokuwepo, huletwa na mtu mmoja ambaye magazeti hayamtaji: mkubwa wa zamu. Si kamishna wa mji anayekaa meza moja na meya, wala si afisa wa upelelezi mwenye majalada yake. Mara nyingi ni brigadier. (Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi asije akamdhania brigedia wa jeshi mwenye gari na dereva, brigadier wa polisi ya Kongo cheo chake ni jirani ya sajini, na aghalabu anakwenda kwa miguu.) Ana watu wachache wa doria, redio ambayo betri yake ina umri, kitabu cha kituo, na funguo za kasho, yaani chumba cha mahabusu. Kwa saa chache za usiku yeye ndiye serikali yote ambayo raia atakutana nayo.

Watu hudhani kazi yake ni kukamata wezi. Wezi wana watu wa kuwakamata. Yeye kazi yake hasa ni polisi wenyewe: kuwajua, kuwapanga, kuwafuata walipo, na kuwazuia kabla hawajakosea. Ni ufundi, tena mgumu, na anayeuweza anastahili sifa ambazo kwa kawaida wapewao ni majenerali.

Tazama makabidhiano ya zamu yanapofanywa vizuri. Bunduki zinatolewa moja moja, namba inasomwa kwa sauti, risasi zinamwagwa mezani na kuhesabiwa na watu wawili, anayetoa na anayepokea. Zikiwa ishirini na nane zinaandikwa ishirini na nane, haiandikwi “magazini moja”. Asubuhi zikirudi ishirini na saba kuna swali, na swali hilo halisubiri chai. Huku mikono ikihesabu risasi, macho ya mkubwa wa zamu yanakagua watu. Nani ananuka lutuku, ile pombe kali ya kienyeji? Nani hakulala kwa sababu mtoto anaumwa? Nani ana kisasi na kijana fulani wa mtaani? Mwenye hasira leo atakaa kituoni na kitabu, bunduki atachukua mwingine. Kijana mgeni wa kazi hapangwi na mgeni mwenzake. Wala wawili waliozoeana hawawekwi kila usiku kwenye kizuizi kilekile, maana mazoea ya namna hiyo huzaa biashara.

Halafu kuna mji wenyewe, ambao lazima aujue kichwani. Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, na ina komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Shituru ndiko kilipo kiwanda cha kampuni ya Gécamines kilichoanza kusafisha shaba mwaka 1929, enzi za ukoloni za kampuni ya Union Minière, zilizoupa mji jina la Jadotville. Panda nako kuna urithi wa viwanda vya zamani. Kikula ndiko kuliko na watu wengi waliobanana. Reli ya umeme inakatiza mji, na nyaya zake ni shaba, bidhaa ambayo kila mtoto wa Katanga anajua mahali pa kuiuza. Kwenye eneo dogo kama hilo wanakutana walinzi wa kampuni, polisi wa migodi, polisi wa barabarani, wakati mwingine na wanajeshi, kila mmoja akiwa na mkubwa wake na kila mmoja akiamini eneo lile ni lake. Mchimbaji mdogo aliyeshikwa na gunia la mawe anaweza kudaiwa na watu wa aina tatu kabla hajafika kituoni. Mkubwa wa zamu asiyejua mpaka wa mamlaka yake ataingiza watu wake katika ugomvi wa bunduki kwa bunduki kwa ajili ya gunia moja.

Wapi pa kuwapeleka watu wake usiku ule? Hapo pana somo kutoka mbali. Mwaka 1972 na 1973, katika mji wa Kansas City huko Marekani, polisi walifanya jaribio. Maeneo kumi na matano yaligawanywa mafungu matatu: katika fungu moja doria za kawaida ziliondolewa, polisi wakaja tu walipoitwa, la pili liliachwa kama lilivyokuwa, la tatu liliongezewa magari ya doria mara mbili hadi tatu. Mwisho wa yote, tofauti ya maana ya uhalifu haikuonekana, na wakazi wengi hawakugundua kwamba kuna kilichobadilika. Kuzunguka kwa kuzunguka tu hakumtishi mtu. Mkubwa wa zamu mwenye akili anajua hivyo bila kuusoma utafiti huo. Hawaambii watu wake “zungukeni”. Anawaambia wapite nyuma ya soko saa fulani, wasimame kwenye mteremko ambapo malori hupunguza mwendo na vijana hupanda juu ya mizigo, wabishe hodi kwa mama fulani aliyelalamika jana, wamwulize kama wale vijana wamerudi. Kisha yeye mwenyewe anatoka kwenda kuona kama wamefika.

Kutoka kwenda kuona: hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Kituoni kuna kiti, na baridi ya Juni katika nyanda hizi za juu si ya mchezo. Lakini kutoka peke yake hakutoshi. Mtafiti wa Marekani, Robin Engel, alichunguza wakubwa wa doria katika miji ya Indianapolis na St. Petersburg, na mwaka 2003 matokeo yake yakachapishwa na wizara ya sheria ya nchi hiyo. Aliwagawa katika namna nne, na waliokuwa na nguvu kubwa zaidi juu ya watu wao ni wale walioingia kazini pamoja nao, wakikamata nao na kuzungumza nao na wananchi. Polisi wao walijituma zaidi, wakatumia muda mwingi zaidi kutatua shida za mtaa. Walitumia mabavu zaidi pia. Mkubwa anayetembea na watu wake huigwa kwa kila kitu: akimpiga kofi mlevi mara moja, ameandika sheria mpya ya kituo, akimwita muuza mikate “mama” na dereva “papa” kabla ya kuomba karatasi za gari, ameandika nyingine.

Dunia nzima iliona mkubwa wa zamu akihitajika tarehe 25 Mei 2020 huko Minneapolis. George Floyd alikuwa chini ya goti la polisi Derek Chauvin kwa dakika tisa na zaidi, akafa. Mpokea simu wa polisi, Jena Scurry, aliyekuwa akitazama picha za kamera ya mtaani, aliona jambo haliendi sawa, akampigia sajini wa zamu, David Pleoger. Sajini hakuwa mahali pale. Alimpigia Chauvin, na maelezo ya kwanza aliyopewa hayakutaja goti shingoni. Mwaka uliofuata, mahakamani, Pleoger aliulizwa kuzuiliwa kule kulipaswa kukoma lini, akajibu kwamba Floyd alipoacha kuleta upinzani wangeweza kukomesha. Jibu ni sahihi. Lilihitajika mtaani, kutoka kinywani mwa mwenye cheo, mapema zaidi. Mji ule ulikuwa na redio na simu, na kamera ambazo brigadier wa Kikula anazisikia tu, na bado mtu mmoja mwenye amri alikosekana pale pale. Tusidanganyike kwamba vifaa vingemaliza kazi hii.

Umoja wa Mataifa nao umeandika. Kanuni za msingi juu ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinasema wakubwa wawajibishwe ikiwa walijua, au walipaswa kujua, kwamba walio chini yao wanatumia nguvu kinyume cha sheria na hawakufanya kila waliloweza kuzuia. “Walipaswa kujua” ni maneno mazito. Kiti cha kituoni hakimkingi mtu na maneno hayo.

Likasi ina sababu yake ya kuyachukulia kwa uzito. Wageni wanaujua mji huu kwa Septemba 1961, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliokuwa chini ya Pat Quinlan walipozingirwa hapa, kisa kilichotengenezewa filamu. Wenyeji wanakumbuka zaidi 1992 na 1993. Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, alipochaguliwa waziri mkuu Agosti 1992, vijana wa chama cha UFERI waliwageukia majirani wenye asili ya Kasai. Maelfu kwa maelfu walifukuzwa majumbani, wakapiga kambi kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, wiki baada ya wiki, na wengi wakafa kwa maradhi pale pale relini. Waliokuwa na kazi ya kulinda nyumba zile hawakuzilinda. Kila fukuzo huanza na mlango mmoja, mtaa mmoja, usiku mmoja, na katika kila mtaa palikuwa na mtu mwenye cheo kidogo aliyeweza kusema kwamba hapa hawapiti. Ingetosha? Pengine hapana. Lakini anayekabidhiwa zamu katika mji huu anakabidhiwa na historia hiyo.

Polisi yenyewe imebadilishwa mara nyingi. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliiingiza katika jandarmeri ya jeshi; 1984 akaunda Gadi ya Raia; baada ya 1997 vilivyobaki vikakusanywa chini ya jina la Polisi ya Taifa ya Kongo, na muundo wake wa leo umewekwa na sheria ya 11 Agosti 2011. Kutoka jeshini ilirithi Kilingala cha amri, wakati raia wa Likasi analia, anashtaki na kujitetea kwa Kiswahili. Ibara ya 18 ya Katiba ya 2006 inataka aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Brigadier aliyeletwa kutoka mkoa mwingine na asiyejifunza Kiswahili anaivunja katiba kila usiku kwa kufungua kinywa tu.

Ibara hiyohiyo inasema kushikiliwa na polisi kusizidi saa 48. Baada ya hapo mtu aachiwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Saa hizo zinaanzia wapi? Kwenye kitabu cha mkubwa wa zamu. Jina, saa ya kuingia, sababu, nani kamleta, alikuwa na nini mfukoni, ana jeraha gani. Safu ya jeraha ndiyo inayomfichua mkubwa mvivu: kuanzia juu hadi chini imeandikwa “hakuna”, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, dalili kwamba imejazwa asubuhi kwa mkupuo. Mkubwa hodari huchukua tochi, anaingia kasho, anamwambia mtu ageuke kwenye mwanga, anaandika “jicho la kushoto limevimba, alikuja hivyo”. Mstari huo unamlinda mahabusu, unamlinda na polisi wa zamu ijayo. Akikuta mtoto amechanganywa na watu wazima, anamtoa hapo hapo, kwa kuwa sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 haimpi ruhusa ya kungoja kupambazuke.

Kuhusu pesa za barabarani hakuna haja ya maneno mengi. Kila dereva wa Katanga anazo hadithi zake. Mshahara wa polisi ni mdogo na huchelewa, na mkubwa wa zamu anajua kwamba anayemtuma kizuizini ana watoto nyumbani. Kuna wakubwa wanaodai fungu lao alfajiri, na zamu za namna hiyo huonekana mapema: kizuizi kinahama kutoka penye wezi kwenda penye malori. Kuna wengine wasiopokea kitu na hawatangazi. Kuwa mmoja wao kwa mshahara uleule kunahitaji moyo ambao hakuna chuo kinachoufundisha, na si haki kwa taifa kuutegemea bila kuulipia.

Kwa hiyo wanaopanga bajeti za mageuzi ya polisi Kinshasa waanzie chini: mafunzo kwa brigadier, betri za redio, vitabu vyenye kurasa za kutosha, mshahara unaofika. Na kwa msomaji wa Likasi kuna la kufanya leo. Siku ndugu yako akikamatwa, usianze kwa kumpigia simu mkubwa fulani wa Lubumbashi wala kwa kufungua pochi. Nenda kituoni, salimia, uliza mkubwa wa zamu ni nani, kisha mwombe akusomee saa iliyoandikwa kitabuni mbele ya jina la ndugu yako. Zile saa 48 zinahesabiwa kuanzia hapo.