Ridhaa, Idhini na Kibali

Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwachunguza wanaume weusi wapatao 600 katika wilaya ya Macon, jimboni Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakutajiwa ugonjwa huo. Waliambiwa wana "damu mbaya". Walipotolewa maji ya uti wa mgongo kwa uchunguzi, waliambiwa hayo ni matibabu maalumu ya bure. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida katika miaka ya 1940, walinyimwa. Na uchunguzi haukukoma mpaka mwaka 1972. Kisa hiki ni kisa cha istilahi pia: maneno machache ya kupotosha yalitosha kumnyang'anya mtu uamuzi juu ya mwili wake.

Kwa hiyo fomu za utafiti wa tiba zinapofasiriwa kwa Kiswahili, uteuzi wa neno si jambo la mapambo. Fasiri tunazokutana nazo huchanganya kibali, idhini na ridhaa kana kwamba ni neno moja. Sivyo. Kibali hutolewa na mwenye mamlaka. Kinaifaa kamati ya maadili inayoruhusu utafiti. Idhini ni ruhusa, na yaweza kutolewa kwa niaba ya mwingine, kama mzazi kwa mtoto wake. Ridhaa hutoka moyoni mwa mhusika mwenyewe. Kanuni ya Nuremberg ya mwaka 1947 ilitanguliza hiari ya mhusika, na dhana hiyo yastahili neno ridhaa. Mwanakijiji anayesomewa kwamba "kibali kimekwisha kutolewa" ataelewa kuwa wakubwa wamekwisha kuamua, naye hana la kusema.

Wako walioandika "ridhaa iliyoarifiwa". Istilahi hiyo hatuikubali. Kisarufi, kinachoarifiwa hapo ni ridhaa, wala si mtu. Tena kuarifiwa si kuelewa: wale wa Alabama nao waliarifiwa, lakini waliarifiwa uongo. Tunapendekeza "ridhaa kwa kuelewa".

Vivyo hivyo, "dawa bandia" haifai kutaja kidonge kisicho na dawa ndani yake, kinachotolewa kwa ajili ya kulinganisha. Kwa raia, dawa bandia ni dawa iliyoghushiwa, na mwenye kuiuza hushitakiwa. Mtafiti akilitumia neno hilo, ama atamtisha msikilizaji, ama atamfanya adhani kwamba udanganyifu umehalalishwa. Heri kuandika "kidonge kisicho na dawa" mpaka istilahi bora ipatikane.

Huenda tukaambiwa kwamba maelezo kama hayo ni marefu mno kwa fomu. Tunajibu kwamba ufupi ni sifa ya istilahi pale tu maana inapobaki salama. Mwenye kuombwa damu yake ana haki ya kufahamu anaombwa nini, na ana haki ya kukataa. Haki hiyo imo mikononi mwa mfasiri kabla haijafika mikononi mwa daktari.