Patakatifu pa Kakapel na Tatizo la Kuisoma Safari

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, safari ya kwenda patakatifu palipojificha huchukuliwa kuwa fumbo linalongoja kufumbuliwa. Mhakiki huuliza mlima unaashiria nini, akajijibu, na kazi ikaishia hapo. Nami niliwahi kuisoma Nagona (1990) ya Kezilahabi kwa namna hiyo, nikailaumu kwa kuwa msafiri wake hana ramani. Hukumu hiyo naitengua hapa, na kilichonitengulia ni mwamba.

Kakapel ni pango lisilo na kina chini ya jabali, katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, si mbali na misururu ya malori ya Malaba. Michoro yake imo katika matabaka: miduara ndani ya miduara, inayonasibishwa na wawindaji Watwa, kisha ng'ombe wa wafugaji, kisha alama za baadaye. Waiteso, ambao hukusanyika hapo kwa tamasha la utamaduni wao, hawakuichora ile ya kwanza. Mahali hapo palitangazwa kuwa turathi ya kitaifa mwaka 2004. Mwaka 2024 waakiolojia walichapisha habari za kunde zilizochimbuliwa papo hapo, zenye umri wa miaka ipatayo 2,300. Patakatifu, kumbe, palikuwa pia mahali pa kula.

Hekalu la Omiwa, huko Nara, Japani, halina jumba kuu la mungu: mlima wenyewe ndio unaoabudiwa, na aupandaye hukatazwa kupiga picha. Ulinganisho huu unavutia (pengine kupita kiasi), kwani unamshawishi mhakiki anyamaze. Kakapel hainyamazi. Mchoraji wa baadaye hakuifasiri miduara. Alichora vyake juu yake. Mwingilianomatini wa kale zaidi ya huo siujui.

Nilipowapeleka wanafunzi wa uzamili, mmoja aliniuliza, "Mwalimu, miduara hii ina maana gani?" Nikaanza: mvua, jua, uzazi... nikajisikia nikitoa mhadhara nisiouamini. Swali linalojibika ni kipi kimewekwa juu ya kipi. Kwa kipimo hicho, Nagona na Mzingile (1991) zina mengi ya kutueleza: ngano, maandiko ya dini na wanafalsafa wa Ulaya wamerundikwa pamoja, na kila tabaka huliacha la chini lionekane.

Swali la mtihani nililozoea kulirudia, "Nagona inaashiria nini?", nimeliondoa mwaka huu.