Ombi Lisilotaja Haja: Uhakiki wa Lugha ya Kisakinishi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuishughulikia lugha ya tenzi, riwaya na tamthilia. Ni nadra kwao kuisoma kwa makini lugha ya mashine. Hata hivyo, yapo matini mafupi ambayo mtumiaji wa tarakilishi huyasoma, au hudhani ameyasoma, karibu kila anapoweka programu mpya. Katika Windows 10, iliyotolewa mwaka 2015, na katika Windows 11 ya mwaka 2021, kioo hufifia na dirisha moja hujitokeza na kuuliza, kwa tafsiri ya Kiswahili: Je, unataka kuiruhusu programu hii ifanye mabadiliko kwenye kifaa chako? Chini yake huandikwa jina la programu na la mchapishaji wake, kisha vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sentensi hiyo ni ombi la ruhusa kwa sarufi yake tu. Kwa tendo lake ni jambo jingine.

Kwanza, ni nani anayesema? Kiashiria "hii" kinadhihirisha kwamba msemaji si kisakinishi chenyewe. Ni Windows inayosema kwa niaba yake, mfano wa mshenga aliyetumwa kuposa. Lakini mshenga wa desturi humjua anayemposea, naye huhojiwa sana kabla ya kupewa jibu. Mshenga huyu ana mawili tu ya kueleza: jina, na kama saini ya kidijitali ya mchapishaji imethibitika. Isipothibitika, hutamka kwamba mchapishaji hajulikani, kisha hungoja jibu lile lile.

Neno zito zaidi ni "mabadiliko". Nomino hii imetokana na kitenzi, na katika kuzaliwa kwake imeipoteza yambwa: kubadili nini? Abishaye hodi huulizwa ni nani, na akishajitaja huulizwa ana haja gani. Hapa haja haitajwi kabisa. Ni rahisi kumlaumu mwandishi wa sentensi kwa uvivu, lakini lawama hiyo haitakuwa ya haki. Ndani ya kisakinishi huwamo maelezo yanayoitangazia Windows kiwango cha mamlaka kinachotakiwa, na viwango vyenyewe ni vitatu tu: mamlaka ya kawaida ya aliyeifungua programu, mamlaka ya juu kabisa anayoweza kuyapata, au mamlaka ya msimamizi kwa lazima. Hapana nafasi ya kuandika tendo. Programu inayotaka kuongeza faili moja katika folda ya programu zote, na ile inayotaka kujipenyeza hadi kwenye kiini cha mfumo, huuliza kwa maneno yale yale na hupewa mamlaka yale yale. Kwa hiyo neno "mabadiliko" ni neno la kweli. Halisemi zaidi kwa kuwa Windows yenyewe haijui zaidi.

Hali hii ina historia yake. Katika Windows XP ya mwaka 2001, akaunti ya kwanza iliyofunguliwa ilikuwa ya msimamizi, na kila programu iliirithi nguvu hiyo bila kuuliza. Waandishi wa programu wakazoea kudai makubwa kwa kazi ndogo. Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, ndiyo iliyoleta dirisha la kuuliza. Kwa programu za zamani zisizo na maelezo ilibidi ikisie: ikiliona katika jina la faili neno la Kiingereza la kusakinisha au kusasisha, hudhani kwamba hicho ni kisakinishi. (Wanaisimu watafurahi kusikia kwamba mashine nayo huamini kuwa jina hubeba tabia.)

Malalamiko yalikuwa mengi. Aprili 2008, katika mkutano wa RSA mjini San Francisco, David Cross wa Microsoft alieleza kwamba dirisha hilo lilikusudiwa kuwakera watumiaji, ili kero hiyo iwasukume watengenezaji wa programu waache kudai mamlaka wasiyoyahitaji. Kauli hiyo inageuza usomaji wote wa matini. Watu wa Pwani wanaijua vyema namna hii ya kusema: kanga huvaliwa mbele ya mmoja, na jina lake likamlenga mwingine. Aliyeulizwa siye aliyekusudiwa. Mlengwa alisikia kwa kiasi, maana programu nyingi sasa hufanya kazi pasipo mamlaka ya msimamizi. Ila yule aliyeulizwa mara kwa mara alijifunza kubonyeza Ndiyo bila kusoma.

Katika mifumo ya jamii ya Unix mambo yamepangwa vingine. Amri ya sudo, iliyobuniwa yapata mwaka 1980 na Bob Coggeshall na Cliff Spencer katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kule Buffalo, huandikwa na mtumiaji mwenyewe, akaifuatisha na tendo analolitaka. Mtumiaji ndiye kiima, nayo mashine hudai neno la siri. Kisarufi mpango huu ni bora mno. Lakini tendo likiwa ni kukiendesha kisakinishi, basi kisakinishi hicho nacho kitaweza kufanya lolote.

Haya yanamhusu mfasiri wa Kiswahili moja kwa moja. "Ruhusu" hufaa kwa tendo moja linalojulikana. Kinachotokea hapa ni kukabidhi. Afadhali basi: Je, unaikabidhi programu hii mamlaka yote juu ya tarakilishi hii? Itasemwa kwamba maneno hayo yatatisha. Yatamtisha aliyeliona jina asilolijua, na huyo ndiye anayepaswa kusita. Umilikishi nao uondolewe. Windows 7 ya mwaka 2009 ilisema "kompyuta hii". "Chako" imekuja baadaye, na aghalabu si kweli. Mhadhiri aliyeketi mbele ya tarakilishi ya idara, asiye na neno la siri la msimamizi, huambiwa kwamba kifaa ni chake na papo hapo hunyimwa uwezo wa kujibu Ndiyo.